Chura Mlangoni, Panya Ghalani: Tumfukuze Yupi?

Mvua za kwanza zinapoanguka Choma, kuanzia Novemba, ardhi nyeusi ya mbuga hugeuka tope linalong'ang'ania miguu, majaruba huanza kujaa maji, na usiku vyura hupiga kelele hadi alfajiri. Wakati huohuo panya nao huanza kazi yao, ila wao hawapigi kelele. Mahindi tuliyofukia shambani jioni hufukuliwa kabla ya jua kuchomoza, na kwenye kihenge cha mwaka jana, kama bado kina kitu, husikika mkwaruzo wa meno.

Sisi tulio huku Choma cha Nkola, wilayani Igunga mkoani Tabora, tunawajua wote wawili tangu utoto. Lakini hebu tuangalie jinsi tunavyowapokea. Chura akionekana mlangoni, watoto hupiga mayowe, mama hushika ufagio, na kama hakupigwa basi atanyunyiziwa chumvi. Panya akipita juu ya kenchi tunasema tu, "Aa, ni panya," tunageukia upande wa pili na kuendelea kulala.

Wapenzi wasomaji, tunadhani hukumu hiyo imepinduka. Anayepigwa hana kosa, na anayeachwa ndiye anayekula chakula cha watoto wetu. Katika makala haya tutawalinganisha viumbe hawa wawili, mmoja baada ya mwingine: miili yao, uzazi wao, na madhara au faida wanayotuletea. Tukishawajua vizuri tutaona pia jinsi ya kuwashughulikia, kwa maana kila mmoja ana udhaifu wake.

TUWAFAHAMU KWANZA

Tunaposema panya tunachanganya wengi. Anayetusumbua zaidi mashambani ni panya shamba, ambaye jina lake la kitaalamu ni Mastomys natalensis. Ni mdogo. Mwili wake bila mkia una urefu wa sentimita 10 hadi 15, na uzito wake mara nyingi ni gramu 50 hivi. Rangi yake ni ya kahawia inayoelekea kijivu, na tumbo lake limefifia. Huyu ni mwenyeji wa Afrika. Alikuwapo kabla ya mashamba, akila mbegu za majani ya porini, na tulipolima mahindi na mtama tukawa tumemwandalia karamu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, wamemchunguza kwa miaka mingi pamoja na wenzao kutoka Ubelgiji, na mengi tutakayoyaeleza hapa yanatokana na kazi ya aina hiyo.

Yuko pia yule panya mweusi wa nyumbani, hodari wa kupanda kenchi. Yeye si mwenyeji. Asili yake ni Asia, akaletwa pwani ya Afrika Mashariki na vyombo vya bahari zamani sana, kisha akasambaa bara pamoja na mizigo. Mkoa wetu wa Tabora ulikuwa njia panda ya mizigo hiyo. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikavuka nyika kame iliyoitwa Mgunda Mkali, hadi Unyanyembe, na kutoka hapo njia ziligawanyika kwenda Ujiji na kwenda ziwani kaskazini. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kushuka pwani na nguo na shanga kupanda bara. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Panapopita magunia, panya naye hupita bila kulipa nauli.

Chura wetu wa mlangoni ni yule mwenye ngozi kavu yenye vinundu, mnene, mwenye miguu mifupi, anayetambaa na kuruka kidogo kidogo. Mmoja wa jamii hiyo anayepatikana sehemu nyingi za nchi yetu huitwa kitaalamu Sclerophrys gutturalis. Ni tofauti na wale wembamba wa majarubani wenye ngozi telezi na miguu mirefu, ingawa Kiswahili chetu huwaita wote chura. Wanaopiga kelele usiku ni madume peke yao, wakiwaita majike. Waswahili husema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, na kweli hazijamzuia mtu yeyote kitu, isipokuwa usingizi.

MMOJA ANA NJAA KILA USIKU, MWINGINE ANAJUA KUFUNGA

Tofauti kubwa kuliko zote kati ya wawili hawa imo ndani ya miili yao. Panya, kama sisi, ana damu yenye joto la kudumu. Kuwe na baridi ya Julai au joto la Oktoba, mwili wake hubaki na joto lilelile. Mwili wa namna hiyo ni kama jiko linalowaka mchana na usiku, na jiko lazima lilishwe kuni. Tena kiumbe mdogo hupoteza joto upesi kuliko mkubwa, kama vile kikombe cha uji kinavyopoa kabla ya sufuria. Kwa hiyo panya hana budi kula kila siku, na kula sana kwa kadiri ya mwili wake.

Chura hana jiko hilo. Joto la mwili wake hufuata joto la mahali alipo. Akiwa ametulia, hutumia chini ya sehemu moja ya kumi ya nguvu anazotumia mnyama mwenye damu ya joto aliye na uzito kama wake. Kiangazi kinapofika, toka Mei hadi Oktoba, hujichimbia ardhini au hujificha chini ya gogo na mawe, akatulia bila kula kwa miezi. Hata maji hanywi kwa mdomo. Huyavuta kwa ngozi ya tumbo lake anapokaa mahali penye unyevu. Ndiyo sababu tunamkuta amejibanza nyuma ya mtungi au karibu na bafu. Hajaja kumtazama mtu, amekuja kunywa.

Sasa tufanye hesabu ya jikoni. Panya shamba mwenye gramu 50 hula nafaka kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito wake kwa siku, yaani gramu 5 hivi. Ni kidogo, punje chache tu. Lakini panya 20 hula gramu 100 kila usiku, na kwa miezi sita hufika kilo 18. Hilo ni karibu debe zima la mahindi. Na hapo hatujahesabu wanachomwaga, wanachokojolea na kukichafua kwa kinyesi, ambacho mara nyingi hupita kile walichokula. Huko shambani, wataalamu wamekadiria kwamba panya huharibu wastani wa asilimia 5 hadi 15 ya mavuno ya mahindi nchini kila mwaka. Miaka ya mlipuko mkulima anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya mbegu alizopanda, akalazimika kupanda upya wakati mvua zinampita.

Chura naye hula nini? Hula kile kinachotembea: mende, nyenje, kumbikumbi, siafu, viwavi, mbawakawa. Hasogelei punje ya mahindi hata ikiwa mbele ya pua yake, kwa kuwa macho yake hutambua chakula kwa mwendo. Ulimi wake umeshikamana upande wa mbele wa kinywa, si nyuma kama wetu, hivyo huurusha nje na kurudi na mdudu kwa kufumba na kufumbua. Tusimtwike sifa zisizo zake, kwamba atamaliza mbu na malaria nyumbani. Chandarua kibaki kitandani. Lakini kwa wadudu watambaao bustanini na chini ya taa ya barazani, ni mlinzi asiyedai mshahara.

AKINA MAMA WAWILI

Hapa sisi akina mama tutasikiliza kwa makini zaidi.

Mama panya shamba hubeba mimba kwa siku 23 tu. Watoto huzaliwa bila manyoya, macho yamefumba, wekundu kama kidole kilichochunwa, katika kiota ndani ya shimo. Kwa kawaida huwa kama kumi, na wakati mwingine huzidi hapo sana. Ili kuwanyonyesha, mama huyu amejaliwa chuchu nyingi ajabu, jozi 8 hadi 12 zilizopangwa mistari miwili kifuani na tumboni. Ni wanyama wachache duniani wanaomfikia. Na anaweza kushika mimba nyingine mara baada ya kujifungua, huku bado ananyonyesha. Yeyote kati yetu aliyewahi kunyonyesha mmoja akiwa na mimba ya mwingine atamwonea huruma kidogo.

Lakini tuhesabu. Mama mmoja akizaa watoto 10 mara tatu katika msimu mmoja, ni watoto 30. Tukichukua kwamba nusu ni majike, ni akina mama wapya 15, na wale wa kwanza wanaweza kuwa tayari kuzaa baada ya miezi mitatu hivi. Wengi hufa kwa magonjwa na kuliwa na bundi, nyoka na paka. Hata hivyo, idadi yao katika hekta moja huweza kupanda kutoka makumi machache hadi mamia, na miaka ya mlipuko hata kupita elfu. Utafiti wa Morogoro uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba mvua nyingi za mapema ndizo huanzisha milipuko hiyo. Majani mabichi huchipua mapema, majike hupevuka mapema, na wanapata nafasi ya kuzaa uzao mmoja zaidi kabla ya wakati wake. Panya hajui kalenda. Husoma mvua, kama tunavyoisoma sisi.

Mama chura hufuata njia nyingine kabisa. Baada ya mvua kubwa huingia kwenye dimbwi, akataga mayai yake ndani ya ute, yamejipanga kama shanga kwenye uzi mrefu. Mayai ya mama mmoja yanaweza kupita 10,000. Dume huyarutubisha palepale majini. Kisha mama huondoka zake. Hana chuchu, hana kiota, hana kiumbe atakayemwita mama. Viluwiluwi huanguliwa wenyewe, hupumua kwa matamvua kama samaki, hukwangua ukoga na mimea iliyooza, na baada ya wiki kadhaa huota miguu, mkia hunywea, mapafu huanza kufanya kazi, nao hutoka nchi kavu wakiwa wadogo kama ukucha. Dimbwi likikauka mapema, wote hufa. Katika elfu kumi huenda wakapona wachache tu.

Tusiharakishe kumwita mama mbaya. Kila mmoja ametoa alichonacho. Panya hutoa maziwa na joto kwa wachache. Chura hutoa wingi, na mengine huyaachia maji na mvua. Tena si vyura wote walio hivyo. Kusini mwa Afrika yuko chura mkubwa ambaye baba ndiye hubaki kulinda viluwiluwi, na dimbwi likianza kukauka huchimba mfereji kwa miguu yake hadi kwenye maji mengi zaidi, wapate kupita.

Na hapa nchini tunaye mama chura asiyetaga kabisa. Chura wa Kihansi, aliyegunduliwa mwaka 1996 katika korongo la mto Kihansi kwenye milima ya Udzungwa, hubeba watoto tumboni na kuzaa vyura wadogo waliokamilika, kila mmoja mdogo sana. Aliishi tu penye manyunyu ya maporomoko yale. Maji mengi ya mto yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme kuanzia mwaka 1999 na 2000, manyunyu yalipungua, na baadaye ugonjwa wa ukungu wa ngozi ukawamaliza. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Aliokoka kwa sababu karibu vyura 500 walikuwa wamepelekwa Marekani mapema na kutunzwa huko. Walianza kurudishwa Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 baadhi wakaachiwa tena korongoni kwao. Wanawe ni wachache, na hana pa kukimbilia. Panya hawezi kamwe kupatwa na msiba wa namna hiyo kwa kupunguziwa manyunyu.

WALITUPIMA MIMBA

Huenda wengi hatujui kwamba panya mdogo na chura waliwahi kufanya kazi moja, na kazi hiyo ilikuwa ya kutuhudumia sisi wanawake.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, madaktari wawili wa Berlin, Selmar Aschheim na Bernhard Zondek, walivumbua kipimo cha mimba kwa kutumia panya wadogo weupe. Mkojo wa mwanamke ulidungwa kwa majike machanga kadhaa, na baada ya siku kama tano panya hao waliuawa ili ovari zao zitazamwe. Zikiwa zimepevuka kabla ya wakati, mama alikuwa mjamzito. Kipimo kilikuwa sahihi, lakini kilichukua muda, na kila jibu liligharimu uhai wa panya kadhaa.

Miaka ya 1930 jibu jipya lilitoka Afrika. Wanasayansi wa Cape Town waligundua kwamba chura wa majini aitwaye Xenopus, ambaye ana ndugu zake hata katika mabwawa ya nchi yetu, akidungwa mkojo wa mama mjamzito hutaga mayai kabla ya siku kuisha. Chura hakuuawa. Alirudishwa majini akapumzika, kisha akatumika tena. Maelfu ya vyura hao walisafirishwa kwenda Ulaya na Marekani, na hadi miaka ya 1960 wanawake wengi wa huko walijua habari za mimba zao kupitia chura wa Kiafrika. Baadaye vikaja vipimo vya maabara visivyohitaji mnyama, na leo tunanunua kikaratasi dukani. Kikaratasi hicho hutafuta homoni ileile iliyomfanya chura atage.

MAGONJWA NA HOFU

Maandiko yanawataja wote wawili. Katika Kutoka vyura waliijaza Misri hadi kwenye vyombo vya kukandia unga. Katika 1 Samweli Wafilisti walirudisha sanduku pamoja na sanamu za dhahabu za panya walioiharibu nchi, wakati watu wamepigwa na majipu. Yafaa tuangalie tofauti: vyura walikuwa kero, lakini panya wanatajwa pamoja na ugonjwa.

Hata leo ndivyo ilivyo. Tauni hupita kwa viroboto wa panya. Wilaya ya Lushoto, mkoani Tanga, iliteseka nayo kwa miaka mingi tangu mwaka 1980. Na mwaka 2022 tulisikia ugonjwa wa ajabu wilayani Ruangwa, mkoani Lindi. Watu 20 waliugua homa, kuumwa kichwa na kutokwa damu puani, na watatu walifariki. Uchunguzi ulionyesha ni ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa wanyama, wakiwemo panya, ukaitwa homa ya mgunda. Mgunda ni shamba, neno lilelile la Mgunda Mkali wa misafara. Vimelea vyake huishi kwenye maji na tope, na huingia mwilini kupitia michubuko, macho au mdomo. Sisi tunaopandikiza mpunga tukiwa peku katika majaruba hatuna budi kulisikia jambo hili. Mwenye kidonda mguuni akifunike au avae buti, na homa kali baada ya kazi ya majarubani isichukuliwe kuwa ni malaria tu bila kupimwa.

Chura naye anashitakiwa kwa nini? Watoto huambiwa kwamba ukimgusa utaota chunjua. Si kweli. Chunjua huletwa na virusi vinavyopita kutoka mtu hadi mtu, na vinundu vya chura ni ngozi yake tu. Wengine humwona chura uani wakaanza kumtafuta jirani aliyemtuma. Maneno hayo yamevunja ujirani mwema bure, kwa kiumbe aliyefuata mende.

Jambo la kweli ni hili: nyuma ya macho ya chura huyu kuna tezi mbili zinazotoa ute mweupe wenye sumu. Hauruki na hauchomi ngozi nzima, lakini ukiingia machoni huwasha sana, na mbwa akimng'ata chura hutokwa povu na anaweza kufa. Kwa hiyo mtoto asimchezee, na akimgusa anawe mikono kwa sabuni. Hakuna haja ya zaidi ya hapo.

Ngozi ya chura pia hutuonya. Kwa kuwa hunywa na kupumua kwa ngozi, sumu iliyo majini humwingia upesi. Wilaya yetu hulima pamba, na pamba hupigwa dawa. Pampu ikioshwa kwenye lambo, viluwiluwi huweza kuwa wa kwanza kuelea wamekufa. Mama anayefika kuchota maji akaona hivyo, asichote. Atoe taarifa kwa uongozi wa kijiji.

LA KUFANYA NYUMBANI

Tukikumbuka tofauti ile ya kwanza, yote yaliyobaki hufuata. Nguvu ya panya ni chakula. Akikosa chakula kila usiku hawezi kuishi, sembuse kuzaa. Kwa hiyo hashindwi kwa hasira. Hushindwa kwa kunyimwa.

Ghala. Kihenge kiinuliwe juu ya miguu yenye kimo cha mita moja hivi, na kila mguu uvikwe bati lililokunjwa kama mdomo wa tarumbeta, mdomo ukiangalia chini. Pasiwe na kuni, ukuta wala tawi la mti karibu, maana panya huruka. Mapipa ya bati yenye vifuniko ni bora zaidi. Mifuko isiyopitisha hewa husaidia dhidi ya dumuzi, yule mdudu aliyeingia mkoani kwetu mwishoni mwa miaka ya 1970, lakini meno ya panya huitoboa, kwa hiyo nayo ihifadhiwe mahali salama. Michembe na matobolwa visiachwe kwenye ungo usiku.

Nyumba. Tundu la upana wa kidole linatosha panya mdogo kupita. Zibeni kwa udongo uliochanganywa na vipande vya chupa au kwa bati. Sufuria za ugali zisilale bila kuoshwa. Majani marefu yafyekwe kuzunguka nyumba, kwa kuwa panya huogopa uwanja mtupu ambapo bundi humwona. Na bundi mwenyewe aachwe, maana chakula chake ni panya.

Paka na mbwa. Utafiti uliofanywa katika kaya 40 huko Eswatini na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha jambo la kupendeza. Nyumba yenye paka peke yake au mbwa peke yake haikupata nafuu kubwa, bali ile yenye wote wawili panya waliikwepa.

Mitego, na wakati wake. Wengi wetu hutega panya wanapokuwa wamejaa, baada ya mavuno. Hapo tumechelewa. Wakati mzuri ni mwisho wa kiangazi, Septemba na Oktoba, walipobaki wachache wenye njaa. Mama panya mmoja anayekamatwa Oktoba ni sawa na makumi wasiozaliwa kufikia Aprili. Tena tutege pamoja. Nyumba moja ikitega na jirani asitege, wa jirani watahamia. Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo, lakini akina mama wengi wakikubaliana siku moja, mtaa mzima hupata nafuu. Jambo hili lafaa kuzungumzwa katika vikundi vyetu.

Sumu. Hapa tunasema kwa uzito. Sumu ya panya huuzwa kwa bei ndogo katika vifuko, nyingine imechanganywa na punje au unga, na mtoto wa miaka miwili hajui tofauti yake na chakula. Isihifadhiwe jikoni, isitiwe kwenye chupa ya soda, isiwekwe chini ya kitanda cha watoto. Kuku na paka wanaokula panya aliyekufa kwa sumu huweza kufa pia. Mtoto akiila, msimtapishe wala kumpa maziwa. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo pamoja na kifuko chake, hata kama anacheza vizuri, kwani baadhi ya sumu hizo huanza kutokeza damu baada ya siku kadhaa.

Mizoga na kinyesi. Panya aliyekufa asishikwe kwa mkono mtupu. Kinyesi chake kimwagiwe kwanza maji yenye dawa ya kuua vijidudu, ndipo kifagiliwe, ili vumbi lisivutwe. Mkiona panya wengi wamekufa ghafla bila sababu, toeni taarifa kituo cha afya.

Na chura je? Yeye hahitaji orodha. Akiingia ndani, msukume taratibu kwa ufagio hadi nje, au umfunike kwa kopo, upitishe karatasi ngumu chini yake, umpeleke bustanini. Chumvi ibaki jikoni, kwa kuwa kumwagia chura ni kama kumchubua akiwa hai. Ukiweka kigae chenye maji kidogo karibu na mchicha wako, atakaa huko na hatakusumbua mlangoni.

Watoto wetu hujifunza kwa kutazama mikono yetu. Wakituona tunampiga asiye na kosa kwa sababu ni mbaya wa sura, na kumvumilia mwizi kwa sababu tumemzoea, wataichukua hukumu hiyo hata kwa watu. Mvua za mwaka huu zitakapoanza, chura atakuja tena mlangoni na panya atakuja tena ghalani. Ufagio uwe mpole kwa wa kwanza, na mfuniko wa pipa uwe mgumu kwa wa pili.